Watu wa hali ya hewa, mawingu yalikuteka lini? Tupeane uzoefu

Mzee wa Kipimo (mwenye uzi)

Hamjambo wadau. Niko zamu ya usiku. Mawingu yamefunika sita kwa nane ya anga, upepo umelala, thermosi ya chai iko karibu. Kuna swali moja limenichosha. Nikipanda matatu pale Ngong Road na kondakta akajua kazi yangu, ni "Bosi, leo kutanyesha?" Nikienda ushago kwa matanga, kabla sijapewa kiti, "Tupande lini?" Mwaka wa kumi na tisa huu kazini na hakuna aliyewahi kuniuliza nilianzaje. Basi nauliza mimi: wewe mtabiri, mpimaji, mwalimu, mwanafunzi wa Chiromo (pale Chuo Kikuu cha Nairobi), au wewe unayepima mvua na kopo darini kwako, ni siku gani ilikuteka?

Naanza. Darasa la saba, Julai, tulipelekwa kutembelea kituo cha hali ya hewa. Wenzangu walikimbilia kile kizungushio cha upepo. Mimi nilibaki kwenye tufe la kioo, ukubwa wa chungwa kubwa, limekaa kwenye kibakuli cha chuma, nyuma yake kuna kadi. Jua likipita kwenye kioo linakusanyika na kuunguza kadi, na kadiri linavyosogea angani ndivyo mstari wa kuungua unavyosogea. Mzee wa kituo akanitolea kadi ya jana yake. Mstari ulianza saa tano, ukakatika, ukarudi saa nane hivi, mwembamba. Akaniambia, "Hapa katikati wingu lilipita." Nikakumbuka: jana yake mama alianua nguo akidhani itanyesha, halafu akazianika tena akilalamika. Malalamiko ya mama yangu yalikuwa yameandikwa kwenye kadi! Sijawahi kupona.

Bi Kaskazi

Ahsante mwenye uzi. Mimi mtoto wa Lamu, msinicheke na sweta zangu mbili. Babu alikuwa nahodha. Kwetu mwaka una pepo mbili: kaskazi ya Desemba inayoleta majahazi, na kusi inayoanza Aprili. Kusi ikikolea mwezi wa sita na wa saba hatoki mtu baharini ila mwenye shida kubwa.

Nilipokuja Nairobi kusoma, Julai ya kwanza nililia. Sikuona jua siku nne. Si mvua, si ukavu, ni yale manyunyu ambayo hayakuloweshi wala hayakuachi. Mwalimu wetu akachora ubaoni: upepo unatoka kusini mashariki, unapita baharini ukijaa unyevu, unapanda kutoka pwani hadi kwenye kimo cha mita 1,700 na zaidi. Ukipanda unapoa, ukipoa unakuwa wingu. Juu yake pamelala tabaka la hewa yenye joto zaidi, linafunika kama kifuniko cha sufuria, kwa hivyo wingu halipati nafasi ya kukua likanyesha mvua ya maana, na jua nalo halina nguvu ya kulitawanya mapema. Nikanyoosha mkono: "Mwalimu, hiyo si kusi?" Ndiyo yenyewe. Upepo uleule uliomfungia babu bahari ndio ulionifungia mimi jua. Tena mbele yake unakaza mwendo, unapinda kando ya Somalia na kuelekea India. Vitabuni unaitwa mkondo wa Findlater, kwa jina la aliyeueleza mwaka 1969. Wetu walishausafiria karne nyingi bila kuupa jina la mtu.

Nikampigia babu: kusi yako imenifuata hadi Nairobi. Akasema, "Mwambie mashua nimeshaipandisha, asihangaike."

Puto la Nane Usiku

Bi Kaskazi umenimaliza 😂

Mimi nilitekwa usiku, na nilikuwa nimeshaajiriwa. Nilisomea hii kazi kwa sababu alama zangu hazikutosha uhandisi, tuseme ukweli. Wiki ya kwanza nikapangwa zamu ya puto. Kuna chumba cha kujazia gesi, haidrojeni, na mkubwa wangu alinisimamisha mlangoni: simu nje, kiberiti nje, sweta ya nailoni vua, maana cheche ndogo tu ya kusuguana kwa nguo inatosha. Nikabaki na shati la pamba, meno yanagongana. Puto likajaa likanizidi upana wa mikono. Chini yake tukafunga mwavuli mdogo, kisha uzi mrefu, na mwisho kisanduku chepesi kama pakiti tupu ya maziwa. Ndani yake kuna vipimo vya joto na unyevu na redio ya kutuma habari.

Saa nane na robo tukatoka nalo. Linavuta! Ukilishika unahisi kama umeshika mbuzi anayetaka kwenda kwao. Nikaliachilia, kisanduku kikanipita kichwani, na sekunde kumi baadaye hakuna kitu, giza tu na mbwa wa jirani.

Tukarudi ndani kwenye kompyuta. Hapo ndipo mambo yalipoanza. Chini nyuzi joto 14. Namba zinashuka. Karibu kilomita tano juu, sifuri. Tukanywa chai, tukaongea mpira. Kwenye kilomita 17 hivi nikaangalia tena: karibu 80 chini ya sifuri. Nikamwuliza mkubwa kama kifaa kimeharibika. Akacheka, akasema hapo ndipo paa la hali ya hewa yetu, mawingu ya radi yakifika hapo yanatandaa kama fuawe kwa sababu hayawezi kupanda zaidi. Nikawaza: mama yangu amelala Githurai, na kutoka Dagoretti Corner hadi kwake ni mbali kuliko kutoka kitandani kwake hadi kwenye baridi ile. Puto likapasuka karibu na kilomita 30, redio ikaendelea kuongea ikishuka. Na saa zilezile vituo vingine kwa mamia duniani vilikuwa vimerusha ya kwao, ili sote tupime anga moja kwa wakati mmoja.

Uhandisi siutaki tena.

Mwalimu wa Jiografia

Yangu fupi, na ina uchungu. Tulijenga kituo cha shule na wanafunzi. Kisanduku cheupe cha vipimajoto tulikiwekea milango miwili, kaskazini na kusini, kwa sababu hapa kwetu jua la Juni liko kaskazini na la Desemba liko kusini, na halitakiwi kugusa kipimajoto unapofungua. Watoto waliligundua hilo wenyewe kwa kufuata kivuli cha mlingoti wa bendera, na mimi ndipo nilipotekwa, ukubwani. Kipimamvua chetu cha shaba kilidumu miezi minne. Watu wa skrepu. Sasa tunatumia chupa ya plastiki iliyokatwa na rula, na rekodi yetu haijakosa siku.

Rubani Ananisubiri

Mimi niko uwanja wa ndege. Watu hudhani tunawaangalizia mvua tu. Rubani anataka pia upepo, umbali wa kuona, kimo cha mawingu, kanieneo ya hewa na joto. Joto! Uwanja uko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa tayari ni nyepesi. Mchana wa Februari inapata moto inakuwa nyepesi zaidi, ndege inahitaji kukimbia zaidi kabla ya kuinuka, au ipunguze mzigo. Usiku hewa ikipoa inabeba vizuri. Namba yangu moja ya kipimajoto inaweza kuamua kama maua yako yanaondoka yote au mengine yanabaki. Hiyo ndiyo inayoniamsha.

Mgeni Mpita Njia

Mnapendeza, lakini mimi ni mlalamikaji. 2015 mlitutisha na El Niño, nikanunua gambuti, nikalipa vijana wazibue mtaro, mtaani kwetu ikanyesha ya kawaida. Nikafanya ruracio (sherehe ya mahari) ya binti yangu kwa kuamini "mvua sehemu chache", hema likaelea.

Dipoli

Mzee, pole kwa hema. "Sehemu chache" maana yake ni chini ya theluthi ya eneo. Hema lako lilikuwa ndani ya theluthi. Najua haifariji.

Kuhusu El Niño, hapo umegusa kilichoniteka mimi. El Niño ni maji ya Pasifiki kupata joto, mbali na sisi. Kwa vuli yetu bahari ya jirani ina neno kubwa zaidi: Bahari ya Hindi upande wetu ikipata joto na upande wa Indonesia ikapoa, mawingu yanahamia kwetu. Ndiyo dipoli. Mwaka 1961 hakukuwa na El Niño, lakini dipoli ilikuwa kali, ikanyesha mvua ambayo wazee wanaikumbuka hadi leo, na kufikia 1964 Ziwa Victoria lilikuwa limepanda zaidi ya mita mbili. 2019 vilevile: mafuriko, maporomoko ya West Pokot, kisha nzige. 1997 na 2023 vyote viwili vilikuja pamoja, nanyi mnajua kilichotokea. Nilipoona ramani ya 1961 mwaka wa tatu chuoni, nilikumbuka nyanya akisema "mwaka ule bahari ilikuja kwetu". Nilidhani ni hadithi ya kulazia watoto. Kumbe alikuwa sahihi kuliko nusu ya magazeti.

Kijana wa Mathare

Nimesoma zote nikasita kuandika. Nyinyi mlitekwa na uzuri. Mimi nimezaliwa mita hamsini kutoka mto Mathare, na mvua kwetu ilikuwa ni kuamshwa usiku kubeba godoro. Nilisomea hali ya hewa kwa hasira.

Aprili 2024 tulikuwa tumeshaona ramani ya utabiri wa mvua. Nilienda nyumbani nikagonga mlango kwa mlango, nikiwa na simu, nikionyesha ile rangi nyekundu. Mama jirani, aliyenilea mimi kama mwanawe, alisikiliza hadi mwisho. Akaniuliza, "Sawa mwanangu. Niende wapi?" Sikuwa na jibu. Utabiri wangu ulikuwa sahihi kwa milimita, na sikuwa na jibu. Aliondoka usiku ule kwa sababu nilimng'ang'ania tu, akalala kwenye ngazi za ghorofa la mtu huko juu. Nyumba ilienda.

Siku hizi kabla sijaandika tahadhari namfikiria yeye. Siandiki "mvua kubwa inatarajiwa" nikaishia hapo. Naandika mto upi, kuanzia saa ngapi, na uko wapi ukumbi au kanisa lililo juu. Wakubwa wananiambia ni ndefu. Waache waseme.

Bi Kaskazi

Iandike ndefu, ndugu yangu.

Mama Tanki, Ruai

Sina cheti chochote, nina mabati na matangi mawili. Mtu aliniambia milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Nikapima paa langu: mita za mraba 40. Kwa hivyo mvua ya milimita 50 ni lita 2,000, matangi yangu yote mawili! Bozari moja nimeokoa. Tangu siku hiyo nina kipimo kwenye mlingoti wa ua na daftari la mwaka wa sita. Wanangu wananiita Met, kama idara ya hali ya hewa. Usiku huu kumekuwa na ngurumo huku, na kumbikumbi wamejaa kwenye taa.

Mzee wa Kipimo

Kumekucha, sijalala, na lawama ni zenu. Saa tatu kasoro dakika tano. Mama Tanki, kama daftari lako ni la kweli, unasoma saa tatu kamili kama sisi?

Mama Tanki, Ruai

Saa tatu kamili, baba, nikiwa nimeinama macho yawe sawa na maji. Nimetoka sasa hivi. 22.4.

Mzee wa Kipimo

Naam. Ngoja nivae viatu.

Huku 0.6.

Mgeni Mpita Njia

Sehemu chache 😂