Nimenunua kayaki ya mtumba hapa Tanga, imebonyea chini na inaingiza maji, naanzia wapi?

mwana_chumbageni

Habari za jioni wakuu, naomba msaada kwa wenye uzoefu na hivi vyombo. Nipo Tanga mjini, nimenunua kayaki ya mtumba kwa jamaa aliyekua anahama nchi, ni ya plastiki ile ngumu, ya watu wawili, ya kukalia juu yaani haina tundu la kuingiza miguu ndani. Imekuja na siti mbili na makafi mawili ya alumini, bei ilikua nzuri na kwa kweli nimeipenda sana.

Sasa shida zenyewe. Chini imebonyea sehemu mbili, tena mabonyeo makubwa, yamekaa sawasawa na mbao mbili alizokua anailaza juu yake. Alafu tukikaa majini kama saa moja ukiitikisa unasikia maji yanacheza ndani, ukifungua kile kizibo cha nyuma yanatoka ya kujaa ndoo ndogo. Kafi moja pale katikati linapoungana limegandana kabisa, tumevuta watu wawili halijatoka. Na sijui niiweke wapi maana uwani kwetu jua linawaka kutwa, upande uliokua unaangalia jua kule kwa mwenyewe umeshapauka.

La mwisho ndio linaloniumiza kichwa. Nataka niwe natoka na mwanangu wa miaka 8 kutoka Raskazone hadi kisiwa cha Toten na kurudi, akaone yale magofu ya msikiti, lakini wavuvi wananiambia msimu huu wa upepo wa kusi niache. Mimi nikisimama pale ufukweni naangalia maji yametulia tuli, nashindwa kuelewa wao wanaona nini ambacho mimi sikioni. Natanguliza shukrani.

fundi_faiba

Mkuu hilo la kuingiza maji wala lisikusumbue, tafuta resini na kitambaa cha faiba, piga msasa sehemu inayovuja, paka tabaka mbili tatu acha ikauke siku moja, imeisha hiyo. Mimi nafanya boti hivyo miaka yote.

kafi_la_kilifi

@fundi_faiba kwa boti ya faiba upo sahihi kabisa ila kwa hii hapana kaka, tusije tukampoteza ndugu yetu. Kayaki yake ni ya polithini, plastiki ileile ya matangi meusi ya maji ya juu ya nyumba, na imetengenezwa kwa njia ileile pia, unga wa plastiki unawekwa kwenye umbo la chuma unapashwa moto huku unazungushwa mpaka unashika pande zote. Hiyo plastiki ina utelezi kama nta, resini haishiki, ukipaka leo itaonekana imetulia ukiingia baharini mara mbili inabanduka kama ngozi na sasa unakua umeshaichakaza kwa msasa bure.

Mimi niko Kilifi, kazi yangu ni kukodisha na kutunza kayaki za wageni hapa kwenye mkono wa bahari, kwaiyo nikueleze moja moja.

Kabla hujaziba chochote jua kwanza maji yanapitia wapi. Iweke juu ya viti viwili, chovya sponji kwenye maji ya sabuni ya unga pakaa kila penye ribiti, kila penye bolti za siti na vishikio, mdomo wa mfuniko wa stoo, na zaidi ya yote pakaa ndani ya yale matundu ya kutolea maji yanayopita kutoka juu mpaka chini. Kisha chomeka kipande cha mpira wa maji kwenye tundu la kizibo, zungushia kitambaa, mtu apulize kwa mdomo. Nasema kwa mdomo, usipeleke kwa wajaza upepo wa matairi, ile kompresa itaipasua. Penye mapovu ndio penyewe. Mara nyingi sana utakuta ni ribiti imelegea au kizibo chenyewe mpira wake umeisha, na hayo ni matengenezo ya nusu saa, toa ribiti weka bolti isiyoshika kutu na washa ya mpira, chini ya washa paka silikoni kidogo. Ile silikoni haishiki plastiki kwa nguvu, kinachozuia maji ni ile washa kubanwa, kwaiyo kaza vizuri ila usipitilize.

Ukikuta mapovu yanatoka kwenye yale matundu, huo ni ufa. Nyingi zinapasuka hapo kwa sababu watu wanazibebea kwenye vile vigari vya magurudumu vyenye vyuma viwili vinavyochomekwa matunduni, uzito wote unakaa kwenye sehemu nyembamba. Hapo usitafute fundi boti, tafuta fundi anayechomelea matangi ya maji yaliyopasuka, Tanga hawawezi kukosekana. Mwambie atoboe kitundu kidogo kila mwisho wa ufa ili usiendelee kutembea, achomelee kwa kipande cha tanki la aina hiyohiyo, na ayeyushe pande zote mbili sio kumwagia juu tu. Akimaliza rudia sabuni.

Kuna jambo lingine wengi hawalijui na huenda nusu ya hiyo ndoo yako inatokana nalo. Kayaki ikikaa juani na kizibo kimefungwa hewa ya ndani inapata moto na kutanuka, ukiitumbukiza hivyohivyo majini hewa inapoa ghafla na kunywea, na ikinywea inavuta maji kupitia kila penye kaupenyo hata pale ambapo kwa kawaida pasingevuja. Kwaiyo ukifika ufukweni fungua kizibo, iache kivulini ipoe, funga wakati unaingia.

Mabonyeo ni rahisi. Igeuze chini juu mchana wa jua kali, kizibo kimefungwa, iache masaa mawili, ile hewa ya moto inasukuma yenyewe. Yasipotoka yote chemsha maji umimine taratibu juu ya bonyeo huku mwingine anasukuma kwa ndani kupitia mfuniko wa stoo, alafu mwagia maji ya baridi ikae hivyo. Moto wa mkaa au wa gesi usiusogeze kabisa. Ila ukiirudisha juu ya mbao mbili wiki ijayo itakua vilevile, ilaze ubavu, au igeuze chini juu, juu ya vipande vya godoro au matairi ya pikipiki, au itundike kwa mikanda mipana miwili. Usiitundike kwa vishikio vya mbele na nyuma, itapinda kama upinde.

Na hilo la jua tafadhali lichukulie kwa uzito. Chumvi haili polithini, maji hayaiozeshi, kinachoiua ni jua. Inaanza kupauka, inakua ngumu, siku moja unaigonga jiwe dogo inapasuka badala ya kubonyea na ikifika hapo hata fundi wa matangi hakusaidii maana kila anapochomelea panapasuka pembeni. Kama hakuna kivuli weka nguzo nne na makuti, bei yake ni ndogo kuliko kafi moja. Turubai pia sawa ila liwe juu na nafasi ya hewa katikati, ukiliviringisha juu ya chombo linakua tanuri.

Kafi lililogandana ni mchanga na chumvi. Mimina maji ya moto kwenye ule upande wa nje unaomeza mwenzake, ili huo peke yake utanuke, kisha zungusha usivute, mmoja huku mwingine kule. Likitoka safisha kwa maji baridi yasiyo na chumvi na kuanzia hapo kila ukitoka baharini tenganisha vipande kabla hujala hata chakula.

nahodha_sahare

Kafi_la_kilifi kamaliza upande wa chombo, mimi nichangie upande wa bahari maana nimezaliwa hapahapa na hao wavuvi unaowasema ni wazee wangu.

Mdogo wangu, simama pale Raskazone uangalie Toten, unaangalia wapi? Nchi kavu iko mgongoni kwako. Kusi inatoka kusini, inapita juu ya mji, juu ya miti na majumba, ndio inashuka majini. Kwaiyo karibu na ufukwe upo kwenye kivuli cha upepo, maji lazima yaonekane yamelala. Angalia mbali zaidi, ukiona maji yamebadilika rangi yakawa meusi yenye vijimkunjo ujue hapo ndipo upepo unapoanza kushika. Wewe na mtoto mtatoka vizuri sana, kafi jepesi, chombo kinateleza, utafurahi utaona kumbe nina nguvu, kumbe ni upepo unakupeleka. Kurudi ndio hesabu. Kayaki ya kukalia juu iko pana na watu wawili mmekaa wima mnakua tanga, mtoto wa miaka 8 hapigi kafi la maana, unarudi peke yako dhidi ya upepo na mchana kusi inaongezeka haipungui. Ukishindwa unazidi kusukumwa mbali na nyumbani.

Kaskazi, ule upepo wa kutoka kaskazini, ni kinyume chake, inapiga kuja ufukweni, utaona vijiwimbi vinakukera pale mwanzoni ila ukichoka inakurudisha nyumbani. Kwaiyo maji yaliyotulia na maji salama ni vitu viwili, cha kuuliza kila siku ni upepo ukinishinda utanipeleka wapi. Kwa chombo cha kafi anza kwa kwenda dhidi ya upepo nguvu zikiwa bado zipo, rudi ukiwa umeupa mgongo.

Alafu kuna maji yenyewe. Hapa kwetu kwenye bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa inapita mita 3, maji yanakimbia na yanakimbia zaidi pale katikati ya masaa sita kuliko mwanzo na mwisho. Maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ni siku zako wewe unayeanza. Toka alfajiri, toka maji yanajaa yapo karibu kusimama, na usiende kwenye mikoko maji yakiwa yanatoka, utabaki kwenye tope na chaza za mizizini ni viwembe, zinachana plastiki na miguu. Kumbuka kila siku maji yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana, ratiba ya Jumapili iliyopita haikusaidii Jumapili hii.

Kingine, njia ya meli uivuke haraka na kwa kunyooka, usikae hapo kupiga picha. Kayaki iko chini sana, mtu wa tagi ya kuvuta meli au wa boti ya faiba hakuoni, vaa nguo ya rangi kali. Na asubuhi pitia Deep Sea, pale wanapotia nanga wavuvi, au hapa Sahare, ukikuta ngarawa zimebaki zimevutwa juu na sio Ijumaa, rudi nyumbani ukalale.

dada_wa_capri_point

Nawasalimu kutoka Mwanza. Sisi huku ziwani hatuna kupwa na kujaa lakini tuna dhoruba, asubuhi kioo, ikifika mchana mawingu yanajengeka na mawimbi ya ziwa ni mafupi yanapigana ovyo, radi ikisikika hata mbali tunatoka majini hapohapo. Viboko pia, hatukatizi karibu na matete asubuhi na jioni. Na ukija na kayaki yako huku au ukiitoa huku iondolee magugu maji yote na ikauke kabisa kabla haijaingia maji mengine.

Nilitaka kuongezea kuhusu laifujaketi, kaka mwenye mada hujalitaja kabisa na una mtoto. La mtoto linunue kwa kilo zake, sio kwa kusema atakua, liwe na ule mkanda unaopita katikati ya miguu. Mvalishe, mnyanyue kwa mabega ya jaketi, likimpanda hadi masikioni ni kubwa. Na msikalie majaketi kama mto, lile povu la ndani likishabanwa haliinuki tena, unabaki na nguo tu. Lianikwe kivulini kama chombo chenyewe.

fundi_faiba

@kafi_la_kilifi nimekupata kaka, hilo la matangi limeniingia, mimi kweli nazungumzia boti zetu hizi za faiba. Mtoa mada mfuate huyo.

mwana_chumbageni

Wakuu Mungu awabariki, sikutegemea majibu ya namna hii. Nimefanya lile jaribio la sabuni jioni hii na mke wangu ndio alikua anapuliza, mapovu yametoka kwenye ribiti mbili za siti ya nyuma, na tundu moja la katikati lina ufa mwembamba urefu wa kidole. Kafi limetoka kwa maji ya moto! Kesho fundi wa tanki anakuja. Toten nimeiahirisha mpaka kaskazi. Swali langu la mwisho, kwa sasa nikikaa tu palepale karibu na ufukwe na mtoto, maji ya kifuani, nimfundishe nini kwanza, na akae mbele au nyuma?

kafi_la_kilifi

Mtoto mbele umuone, wewe nyuma ndio unaongoza. Ukiona pua imezama au inaruka juu sogeza siti mpaka chombo kikae sawa, na usome kile kibandiko cha uzito wa mwisho, jumlisha nyie wawili na mizigo ubakize nafasi.

Cha kumfundisha kwanza ni kupinduka. Mpindue makusudi, mkiwa mmevaa majaketi, maji ya kifuani kama ulivyosema. Ajue kuibuka na kushika chombo asikiachie, asikimbilie kafi wala kandambili. Wewe unaigeuza kwa kushika ukingo wa upande wa pili na kuvuta, kisha unalala juu ya maji unapiga miguu mpaka mwili unyooke, unajivuta tumbo lipite katikati ya chombo, ndio unageuka kukaa. Wengi wanajaribu kupanda kama wanapanda ukuta, chombo kinawarudia. Wewe ukishapanda unamvuta yeye kwa mabega ya jaketi. Rudieni mpaka aone ni mchezo, kisha mfanye siku ya upepo kidogo hapohapo ufukweni kaskazi ikianza, maana kupanda kwenye maji yaliyolala na kupanda kwenye vijiwimbi sio kitu kimoja. Mfungie filimbi kwenye jaketi, na makafi yote yafungwe kamba ya kuyashikilia kwenye chombo.

Na fundi akimaliza kuchomelea hilo tundu mpige picha utuwekee hapa, upande wa juu na wa chini, nione kama kayeyusha mpaka ndani.