Waasi wengine wanaweka silaha chini, wengine wanarudi porini. Kwa nini?

mdadisi_tu: Wakuu habari zenu. Hili swali linanisumbua muda sasa. Angola walisaini amani Mei 1991, uchaguzi ukafanyika Septemba 1992, Savimbi, kiongozi wa waasi wa UNITA, akagoma matokeo na vita vikarudi vibaya kuliko mwanzo. Msumbiji nao wamesaini amani kule Roma Oktoba 1992, waasi wao RENAMO wakapiga kura 1994, wakashindwa, na bado wakaingia bungeni na viti 112 kati ya 250. Tofauti ilikuwa nini hasa?

Kasuku77: Almasi mkuu. UNITA walikuwa wanachimba wananunua silaha, sasa mtu wa hivyo ana haraka gani ya kukaa mezani? RENAMO hawakua na mgodi, alafu ukame wa 1992 uliwabana mpaka chakula cha wapiganaji kikawa shida.

BintiHistoria: Almasi sawa, ila haitoshi. Mimi naangalia ile siku ya kukabidhi bunduki. Mpiganaji anasimama foleni kambini, anaitoa, anaandikishwa jina, anapewa karatasi. Kuanzia hapo hana kitu mkononi, na yule aliyekuwa anamwinda jana bado ana jeshi. Nani anamlinda? Msumbiji UN walipeleka askari zaidi ya 6,000, uchaguzi ukasogezwa mpaka watu wamalize kutoka makambini, na kila aliyetoka alilipwa miaka miwili. Angola walipeleka waangalizi wa kijeshi kama 350 tu, nchi yote ile jamani! Wakaenda kwenye kura majeshi yote mawili bado yapo, na aliyeshinda anachukua kila kitu. Hapo hata ungekuwa wewe ungeificha bunduki.

mdadisi_tu: Nimekuelewa dada. Lakini Savimbi aliuawa 22 Februari 2002 na tarehe 4 Aprili wenzake wameshasaini. Si inaonyesha shida ilikuwa mtu mmoja?

BintiHistoria: Yeye alichangia sana sikatai, ila kufikia hapo UNITA walishachoka, vikwazo vya almasi toka 1998, wanajeshi wana njaa, wanakimbizwa kila siku. Kifo chake kiliwakuta wameshaishiwa.

Kasuku77: Na Kony, yule kiongozi wa waasi wa LRA wa Uganda je? Mazungumzo yake na serikali kule Juba yalifika mpaka karatasi ya mwisho 2008, hakutokea kusaini. Hati ya kukamatwa ya ICC (mahakama ya kimataifa ya jinai) ilikuwepo toka 2005, na alitaka ifutwe kwanza. Waliotekwa wakiwa watoto wakabaki naye porini, hilo ndo linaniumiza.