Rasta zimepanda, mteja anataka bei ile ile. Nitoze vipi?

Msusi_Rangi3 (Julai 2019)

Habari zenu wadau. Nina saluni ndogo Mbagala Rangi Tatu, viti vitatu na draya moja, huu mwaka wa sita. Nina msaidizi mmoja ninayemlipa kwa kichwa. Naomba ushauri wa bei kabla ya Idi Kubwa, maana wiki ile ndiyo inayonilipia fremu miezi miwili.

Juni 13 Waziri wa Fedha, Mpango, alisoma bajeti, humo ndani kukawa na ushuru wa bidhaa kwenye nywele bandia: 25% kwa zinazotoka nje, 10% kwa zinazotengenezwa nchini. Umeanza Julai 1. Mimi nilikutana nao dukani. Pakiti ya rasta niliyozoea kuchukua kwa 2,000 hapa mtaani nikaambiwa 2,700. Nikauliza kulikoni, nikajibiwa, "Bajeti, dada."

Wateja wangu huwa hawaji na nywele. Wanakuja mikono mitupu, wanauliza "na nywele shilingi ngapi?" Rasta ndogo za mgongoni ni 30,000 na nywele, tangu 2017. Kichwa kimoja kinakula pakiti sita. Zamani nywele zilikuwa 12,000, msaidizi 8,000, nabaki na 10,000. Sasa nywele peke yake 16,200, msaidizi 8,000 yake, nabaki na 5,800. Humo mna fremu, umeme, maji, mafuta ya nywele, na chakula cha wanangu wawili.

Na kazi haijapungua. Saa sita tumesimama, mmoja kushoto mwingine kulia, tunakutana utosini, halafu ncha tunazichovya kwenye maji ya moto ili zisifumuke. Jioni vidole havikunji.

Jumamosi nilimwambia mteja wangu wa miaka minne kwamba sasa ni 35,000. Akanyamaza, akachukua mkoba, akasema atarudi mwisho wa mwezi. Jumatatu nikamwona sokoni kasuka twende kilioni kwa nywele zake mwenyewe, kasukwa barazani kwa jirani yake kwa 3,000. Sina kinyongo naye, hela hana. Ila niliumia, tena sana.

Nipandishe bei? Niwaambie waje na nywele zao? Nikifanya hivyo mtu ananiletea pakiti nne, zinaisha kichwa kikiwa nusu, na anayekimbia dukani ni mimi. Kumpunguzia msaidizi sitaki. Ni binti wa miaka 20, ana mdogo wake anamsomesha.

---

Mzigo_wa_Kkoo

Dada, pole. Mimi niko Kariakoo, tunachangia kontena na wenzangu kutoka Guangzhou, China, nywele ni sehemu ya mzigo wangu. Nikuoneshe hesabu ili ujue unalipia nini.

Chukua mzigo wa 10,000, bei ya kule pamoja na bima na usafiri mpaka bandarini. Ushuru wa forodha kwa bidhaa iliyokamilika ni 25%, inakuwa 12,500. Zamani hapo unaongeza kodi ya ongezeko la thamani 18%, unafika 14,750. Kuna tozo ya reli na nyingine ndogo, tuziache. Sasa huu ushuru mpya unaingia katikati: 25% ya 12,500, siyo ya 10,000. Unafika 15,625. Ndipo ile 18% inakaa juu ya vyote, unapata 18,437. Yaani kodi inatozwa kodi.

Lakini linganisha 14,750 na 18,437. Ongezeko ni robo tu. Kwa hiyo pakiti ya 2,000, hata muuzaji akiipitisha kodi yote kwako pamoja na faida yake ya kawaida, inafika 2,500. Ile 200 ya juu imezaliwa njiani. Halafu ushuru mpya unalipwa na mzigo unaotolewa bandarini kuanzia Julai 1. Nywele zilizokuwa rafuni Juni hazikuulipa kabisa.

La mwisho, na hili ndilo kubwa: geuza pakiti uone imetengenezwa wapi. Kama ni ya hapa nchini, kodi yake ni 10%. Ya 2,000 ilitakiwa isogee mpaka 2,200 hivi, basi.

---

Susi_Kirumba

Shoga yangu, mimi niko Mwanza na nimepita hapo hapo ulipo. Kosa letu wasusi ni hiyo "na nywele". Mteja anaona namba moja tu, kwa hiyo chochote kikipanda dunia nzima kinakatwa kwenye mikono yetu. Mimi nimetenganisha. Nimeandika kwa chaki ukutani: ufundi bei yake, nywele bei yake. Nywele ninazo mwenyewe, simtumi mteja akanunue. Akiona nywele zimepanda anajua siyo mimi, na ufundi wangu haguswi.

Wiki ya kwanza walinuna. Mmoja akaniambia nimekuwa kama fundi gari, bei ya spea mbali. Nikamwambia ndiyo, mama, ni hivyo hivyo. Amesharudi mara mbili.

Na usiidharau twende kilioni. Nimeiweka kwenye bei zangu, 5,000, na kuosha na kupaka mafuta. Inachukua dakika arobaini, siyo saa sita. Yule mteja wako angeweza kusukwa kwako.

Kuhusu viwanda vya ndani, mimi sipingi vilindwe, vinaajiri mabinti wengi. Lakini nyuzi za rasta kwa sehemu kubwa zinaagizwa nje, na hata zikisukwa hapa bado tunatozwa 10%. Hapo ulinzi nauona nusu.

---

Mwalimu_Moro

Naongea kama mteja. Nasuka kila baada ya wiki sita, na nilikuwa sijui kama bei ikigoma kupanda anayeumia ni msusi. Nilidhani saluni zinapata faida kwenye nywele. Ningeambiwa kama ulivyoeleza hapa ningeongeza hiyo 3,000 au 4,000, au ningekaa na rasta wiki mbili zaidi.

Kinachonikera ni hiki. Bajeti hii hii imerudisha kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike. Iliondolewa mwaka jana, na sababu iliyotolewa ya kuirudisha ni kwamba bei haikushuka kwa mtumiaji. Kweli haikushuka, nilikuwa nawanunulia wanafunzi wangu kwa bei ile ile. Lakini kodi ya nywele imeongezwa, na bei imepanda kabla hata mzigo haujatoka bandarini. Kodi ikiondoka hatuoni kitu, ikija tunaiona siku hiyo hiyo. Hapo katikati nani anamwangalia muuzaji?

Dada, usimpunguzie huyo binti.

---

Msusi_Rangi3

Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili.

Kaka wa Kariakoo, jana usiku nilitoa pakiti zote rafuni nikazigeuza moja moja kwa tochi ya simu, maana maandishi ni madogo mno. Natumia aina tatu. Mbili zimetengenezwa hapa hapa Dar! Miaka sita nazishika na sikuwahi kuangalia. Kumbe kwa hizo 2,700 nilikuwa nalipia kodi ya nywele za nje. Iliyotoka China ni moja tu, ile ya rangi namba 27 na za rangi mbili, ambazo wasichana wa chuo ndio wanazipenda.

Leo alfajiri nimekuja huko Kariakoo. Zamu yangu ya mchezo wa kupeana hela ilikuwa imefika, nikanunua dazeni tano za hapa nchini, namba 1 na 1B, kila pakiti 2,200. Nimetumia 132,000, karibu hela yote ya mchezo, na moyo ulikuwa unanienda mbio mpaka nimeshuka Rangi Tatu.

Da Kirumba, ukutani nimeandika hivi: UFUNDI 18,000. NYWELE ZA HAPA 2,200. NYWELE ZA NJE 2,500. Kwa pakiti sita za hapa inakuja 31,200. Twende kilioni nimeiweka 5,000 kama wewe. Binti anabaki na 8,000 yake, na nimemwonesha hesabu yote ili naye akiulizwa aweze kujibu.

Yule mteja wangu nimemtumia ujumbe na bei mpya. Amejibu "nitaangalia, dada". Sijui kama atakuja.

Kaka, nikirudi Alhamisi nitapata namba 33 ya hapa nchini? Hiyo leo sikuiona kokote, na wiki ya Idi nina vichwa vinne vinaitaka.