Mjadala: Mwamuzi wa kriketi atazame simu kabla ya kuinua kidole?

Mwanzisha mada, mwamuzi wa mechi za shule, Nakuru

Nilimtoa kijana ambaye hakustahili kutolewa. Naanza na hilo ili mjue nimesimama wapi.

Ilikuwa fainali ya shule hapa Nakuru, ova (mipira sita sita) za mwishomwisho, wingu limeshajikusanya upande wa Menengai. Timu ya kijana ilihitaji mikimbio minne, yaani alama nne, ishinde. Mimi nilikuwa mwamuzi wa pembeni, yule anayesimama sambamba na mstari wa mpigaji. Mpira ukarushwa kutoka mbali, mlinda wiketi, anayekaa nyuma ya vile vijiti vitatu vya vigingi, akaudaka, vigingi vikaanguka, uwanja mzima ukapaza sauti kudai mpigaji atolewe: "Hauzaaat!" Macho yangu yalikuwa kwenye chokaa. Niliona ncha ya gongo bado iko nje ya mstari, nikainua kidole, ishara ya kumtoa. Kijana hakusema neno. Alivua helmeti, akaitia kwapani, akatoka. Wenzake wakashindwa kwa mikimbio miwili.

Jioni mzazi mmoja akanitumia video aliyoirekodi akiwa ameketi kwenye nyasi. Akaandika: "Mwalimu, tazama gongo." Nikatazama gongo, sikuona jipya. Niliporudia mara ya tano ndipo nikaona mikono. Mlinda wiketi alikuwa ameudaka mpira kwa glavu ya kulia, akaangusha vigingi kwa glavu ya kushoto, ambayo haikuwa na kitu. Sheria ya kriketi haina utata hapo: mkono unaovunja wiketi, yaani kuangusha vigingi, sharti uwe ndio ulioshika mpira. Hata gongo lingekuwa hatua mbili nje, yule kijana hakuwa ametoka.

Nimekaa na jambo hili wiki tatu. Sijalala vizuri zote.

Hoja yangu ni hii: mechi za shule na klabu huku Nakuru, Kisumu na magharibi yote zimruhusu mwamuzi, akiwa na shaka, atazame video ya simu kabla ya kumtoa mtu mbioni, yaani vigingi vikiangushwa kabla hajafika mstarini. Hilo tu. Siombi zaidi.

Wakubwa walishavuka mto huu. Novemba 1992, uwanja wa Kingsmead kule Durban, Sachin Tendulkar wa India akawa mpigaji wa kwanza kutolewa na mwamuzi wa tatu, aliyekaa ndani akitazama marudio kwenye televisheni. Naye alitolewa mbioni, jambo lilelile lililonishinda mimi. (Kingsmead hiyohiyo ndipo Kenya yetu, nahodha akiwa Steve Tikolo, ilipocheza nusu fainali ya Kombe la Dunia na India mnamo Machi 2003. Wengi wenu mnakumbuka mlikuwa wapi jioni ile.)

Kisha ikaja Sydney, Januari 2008, Australia na India. Andrew Symonds wa Australia alikuwa na mikimbio 30 pale mpira ulipogusa gongo lake ukadakwa, yaani alistahili kutoka, lakini mwamuzi akasema hapana. Symonds akaendelea hadi 162 bila kutolewa, na mwenyewe akakiri kwamba aliugusa. India ilishindwa mechi hiyo na nchi yao nzima ikawaka. Katikati ya mwaka huohuo, India ikicheza Sri Lanka, timu zikapewa kwa majaribio haki ya kuomba uamuzi uangaliwe upya, na Novemba 2009 mfumo huo, DRS, ukazinduliwa rasmi. Leo timu ina sekunde 15 za kuomba, na ikiomba bila sababu inapoteza nafasi.

Sisi hatuna kamera hizo na hatutazipata kesho. Lakini simu tunazo. Nipingeni.

Mchezaji wa zamani, Kisumu

Mwalimu, pole kwa usiku huo. Nakuheshimu kwa kusema hadharani, wengi wangenyamaza. Lakini nakupinga.

Nimecheza kriketi Kisumu miaka 14. Nimetolewa kimakosa mara nisizoweza kuhesabu, na nimebakizwa kimakosa vilevile. Kitu cha kwanza alichonifundisha kocha wangu, kabla hata sijashika gongo, ni kutoka uwanjani bila kumtazama mwamuzi usoni. Adabu hiyo ndiyo iliyonisaidia kazini na nyumbani. Ukimwambia mtoto wa miaka 14 kwamba neno la mwamuzi linaweza kurudishwa nyuma, kila uamuzi utakuwa wa kubishaniwa. Tumeona kwenye soka: tangu VAR ije, mashabiki hapa Kondele hawashangilii bao mpaka waone refa amegusa sikio.

Halafu teknolojia yenyewe haimalizi kilio. Uwanja wa Headingley, Agosti 2019: Uingereza wanahitaji mikimbio miwili tu kuishinda Australia. Mpira wa Nathan Lyon, mrushaji wa Australia, unampiga Ben Stokes wa Uingereza mguuni mbele ya vigingi, Australia wanadai atolewe, mwamuzi anakataa. Marudio yanaonyesha mpira ungegonga vigingi. Lakini Australia walikuwa wameshamaliza nafasi zao za kuomba, Stokes akabaki, Uingereza wakashinda kwa wiketi moja, yaani angetolewa mpigaji mmoja tu wangeshindwa. Mitambo yote ile, na bado kosa likaamua mechi.

Mwanzisha mada

Kaka, Headingley nilitazama mwanzo hadi mwisho, na naiona kinyume na wewe. Mitambo haikukosea. Australia waliitumia nafasi yao ya mwisho muda mfupi kabla, kwa mpira ambao haukuwa na madai yoyote ya maana. Kilichowaponza ni kwamba haki ya kuomba iko mikononi mwa nahodha, na nahodha huomba kwa tamaa. Ndiyo maana mimi siombi wachezaji wapewe haki hiyo. Nataka mwamuzi peke yake ndiye aseme "ngoja nitazame". Mchezaji akidai video, anyimwe. Adabu uliyofundishwa inabaki palepale.

Na hilo la neno kurudishwa nyuma: sheria zenyewe zinamruhusu mwamuzi kubadilisha uamuzi wake mradi afanye hivyo mara moja. Zinamruhusu kushauriana na mwenzake. Zinamruhusu hata nahodha wa upande unaorusha kuondoa madai kabla mpira unaofuata haujaanza kuchezwa, mwamuzi akikubali. Kurekebisha kosa hakukuletwa na kamera. Ningekuwa na kitu cha kutazama dakika ile, ningelishusha kidole changu na yule kijana angerudi kupiga.

Mama wa mchezaji, Kisumu

Naandika kama mama na kama mke wa mwamuzi. Mume wangu huamua mechi wikendi kwa nauli na soda. Mwaka jana video yake ilizungushwa kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi, sekunde nane tu, na matusi yaliyofuata sitayaandika hapa. Mwanangu aliyasoma. Akaniuliza, "Mama, baba ni mwizi?"

Sasa mnataka kuhalalisha simu uwanjani. Mwalimu, hao wanaojitolea watabaki wangapi?

Mwanzisha mada

Dada, swali la mwanao limenichoma. Mpe pole nyingi baba yake.

Lakini tazama lilivyokuwa. Simu haikungoja ruhusa. Ilikuwa tayari uwanjani, ilirekodi, na usiku kila mtu akaiona. Mtu pekee ambaye hakuiona kwa wakati ni mumeo, aliyetakiwa kuamua. Nami ilinitokea vivyo hivyo. Hoja yangu ni kwamba awe wa kwanza kuiona. Simu za waandalizi tu, zilizosimikwa mahali pake, na video zifutwe jioni mbele ya walimu wa timu zote mbili.

Na nikuambie kitu ambacho huenda kikamsaidia mumeo. Baada ya ile video yangu nilirudi uwanjani na mwanafunzi mmoja, gongo, chokaa na simu. Nikamwambia alishike gongo vidole vinne kabla ya mstari, likiwa juu ya ardhi kwa kimo cha kiganja, yaani bado hajafika wala hajagusa chini. Nikaenda kuketi alipokuwa ameketi yule mzazi, upande wa katikati ya uwanja, nikapiga picha. Kwenye picha gongo limevuka mstari. Limeingia ndani kabisa! Ningekuwa mzazi ningeapa mbele ya hakimu. Nikasogea hadi usawa wa mstari wenyewe, nikapiga tena: gongo liko nje, na hewa inaonekana chini yake.

Hizo sekunde nane zilizomtukanisha mumeo zilichukuliwa kutoka wapi?

Mama wa mchezaji, Kisumu

Nyuma ya vigingi, upande wa hema la wageni. Sikuwahi kulifikiria hilo. Nitamwonyesha picha zako ukinitumia zote mbili.

Kocha, Kakamega

Mimi nina vijana 22 na magongo matatu. Mkeka wetu wa kuchezea umetoboka pale hasa mrushaji anapolenga. Wadogo wanatumia mpira wa tenisi uliozungushiwa utepe. Kenya imepoteza hadhi ya mechi za kimataifa za siku moja tangu 2014, na haikuwa kwa sababu ya mwamuzi kukosa video. Tulikosa viwanja, mipira na makocha. Nawaomba, msituletee kitu kingine cha kununua.

Mwanzisha mada

Kocha, kila ulichosema ni kweli, na kuhusu mkeka ningeweza kuandika kurasa nzima. Kama ningekuwa na shilingi elfu tano leo ningezileta Kakamega zikanunue mipira. Pendekezo hili halinunui chochote. Nguzo ya mti iliyochimbiwa usawa wa mstari, nje ya mpaka wa uwanja, na simu iliyofungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Nguzo mbili, moja kila upande wa vigingi. Simu ya pili naahidi kuitoa mimi.

Mwanafunzi, kidato cha nne, Nakuru

Mwalimu shikamoo. Mimi ni mrushaji. Mbona simu isitumike pia kwa mguu mbele ya vigingi? Huko ndiko sisi warushaji tunaonewa zaidi. Na kwa nini kwenye DRS mpira uleule unaogusa vigingi, leo mtu anatoka na kesho anabaki?

Mwanzisha mada

Marahaba, mwanangu. Maswali mawili mazuri, na la kwanza ndilo ninaloogopa kuliko yote, kwa hiyo nivumilie.

Simu nyingi hurekodi picha 30 kwa sekunde. Wewe ukirusha mpira kwa kilomita 100 kwa saa, unasafiri karibu mita 28 kwa sekunde. Gawanya: kati ya picha moja na inayofuata mpira umeshasogea karibu mita nzima. Unauona uko mbele ya pedi, kisha unauona umeshadunda pembeni. Ulipogusa pedi hapakupigwa picha. Na sheria ya mguu mbele ya vigingi inataka zaidi ya hapo: mpira ulidunda wapi, uligusa wapi, na kama mguu usingekuwapo ungeelekea wapi. Hilo la mwisho halijatokea, ni la kukadiria. DRS hulikadiria kwa kamera kadhaa za mwendo kasi zilizozunguka uwanja, kisha kompyuta inachora njia ya mpira. Simu yangu kwenye nguzo haiwezi, na mtu akikuonyesha video ya simu akidai inathibitisha, usimwamini hata kama inakupendelea.

Kwa mkimbiaji hesabu ni nyingine. Kijana anayekimbia mita sita kwa sekunde husogea sentimita 20 kati ya picha mbili. Bado ni nyingi, nakubali. Lakini simu nyingi sasa zinaweza kurekodi picha 120 kwa sekunde, na hapo zinabaki sentimita tano. Na kama tofauti ni ndogo kuliko hiyo, mpigaji anabaki. Kriketi ndivyo ilivyo tangu zamani: shaka ni ya mpigaji. Kuhusu mkono upi ulishika mpira, hata picha 30 zinatosha. Zilinitosha mimi, nikiwa nimechelewa.

Swali lako la pili: mfumo wa wakubwa unakiri kwamba kadirio lake lina mipaka. Ikiwa chini ya nusu ya mpira ndiyo ingegusa vigingi, uamuzi wa awali wa mwamuzi unabaki, uwe wa kutoka au wa kubaki. Ndiyo maana mipira miwili inayofanana inapata majibu mawili. Warushaji wengi wanalichukia jambo hilo. Mimi nalipenda, kwa sababu mtambo unasema wazi hapa ndipo ujuzi wangu unapoishia. India waliukataa mfumo huo kwa miaka mingi, wao walioumia Sydney, kwa kuwa hawakuyaamini makadirio yake. Waliukubali mwishoni mwa 2016.

Mchezaji wa zamani, Kisumu

Mwalimu, sijahama kabisa. Bado naogopa siku nahodha wa miaka 15 atakaponyoosha kidole kuelekea kwenye nguzo. Lakini hilo la mikono limenikumbusha mechi moja niliyotolewa namna hiyohiyo na hakuna aliyeniamini, hata kocha. Kwa hiyo niulize: mwamuzi akitazama simu na asione kitu dhahiri, anafanya nini? Na nani anamwambia kijana?

Mwanzisha mada

Anapewa dakika moja. Asipoona, mpigaji anabaki, na mwamuzi mwenyewe anatembea hadi kwa nahodha wa upande unaorusha na kumwambia alichokiona na alichokosa kukiona. Nahodha akinyoosha kidole kuelekea kwenye nguzo, simu inashushwa siku hiyo kwa timu zote mbili. Nitalikubali sharti hilo likiandikwa.

Kuhusu yule kijana wangu, nilikwenda shuleni kwao Jumatatu. Nilimkuta akifagia mbele ya bweni. Nikamwonyesha video, nikamwambia, "Hukuwa umetoka. Nilikosea." Aliitazama mara mbili, akarudisha simu kwa mikono miwili, akaniuliza kama mwakani nitaamua tena.

Nguzo ya kwanza nachimbia Jumamosi hii asubuhi. Kocha wa Kakamega, ukipata usafiri, njoo na gongo moja tulipime pamoja kabla ya mechi.