Mrejesho: Suruali ya marinda imekamilika
Ahsanteni sana wadau. Niliuliza namna ya kushona mavazi ya mama yake bibi kwenye picha ya zamani ya Unguja: kanzu ya magotini na suruali yenye marinda kwenye vifundo vya miguu. Aliyenishauri nimtafute fundi mtu mzima, Mungu ambariki. Fundi aliyakunja marinda kwa mkono, akayapiga pasi moja moja ndipo akayashonea. Yamesimama vilevile kama pichani! Rangi nimechagua mwenyewe, nyeupe yenye maua mekundu.

Bado kanga ya kichwani. Ile ya pichani jina lake limeandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama kanga nyingi za enzi hizo. Mwenye nayo, hata chakavu, aniambie tafadhali. Harusi ya mdogo wangu ni mwezi ujao.