Filamu za zamani kuhusu ubaguzi na wafanyakazi wa ndani, zilikugusa wapi? Tupeane uzoefu

Mleta uzi: Habari zenu wakuu. Wikendi nimeirudia The Help (2011), ile ya mabeki tatu weusi wa Jackson, Mississippi miaka ya 60, safari hii niko na mama mdogo ambaye kafanya kazi za ndani Upanga tangu binti mdogo. Ilipofika pale Minny anafukuzwa kisa katumia choo cha ndani na nje kuna dhoruba, mi nacheka, yeye katulia tu kama haoni kitu. Kilichomshtua ni Aibileen kutaja mshahara, senti 95 za dola kwa saa. Akaniambia simamisha hapo kwanza, kwa hiyo serikali yao ilikuwa wapi? Nyie mmekutana na nini, karibuni.

Mdau, Arusha: Serikali ilikuwepo mkuu, ndo tatizo lenyewe. Sheria yao ya kima cha chini ilitoka 1938 ikawaruka watu wa majumbani mpaka 1974. Sasa filamu inakupa Hilly, yule bosi aliyemfukuza Minny, mwenye roho mbaya umchukie yeye, unatoka pale unaamini angekuwa na utu kidogo basi mambo yangenyooka. Viola Davis mwenyewe alikuja kusema 2018 anajutia kuicheza, sauti za wale akina mama hazikusikika vya kutosha.

Mdau, Nairobi: Guka (babu) wangu alikuwa mpishi kwa Mzungu enzi za mkoloni, ana watoto wakubwa na bado anaitwa boi. Tuliangalia Out of Africa naye, watu wote wanalilia mapenzi ya Meryl Streep na Robert Redford, guka macho yako kwa glavu nyeupe za yule kijana wa mezani. Akasema wao glavu walizifua wenyewe usiku, zikishika doa la supu unakatwa pesa. Hiyo ya kukatwa sijawahi kuiona kwa sinema yoyote, nyinyi mmeiona?

Mdada, Tanga: Mi nimefanya Muscat. Kikombe changu cha plastiki kilikaa chini ya sinki pamoja na sabuni, na mtoto wao mdogo halali mpaka anishike sikio. Bosi wangu hakuwa mkali jamani nisimsingizie, Idi ananinunulia nguo nzuri tu, ila paspoti yangu iko kabatini kwake na ufunguo anao yeye. Ndo maana Roma (2018) ya Mexico nimeielewa kuliko hizo za Wamarekani. Kuna sehemu familia inaangalia tivii, Cleo, dada wa kazi wao, kakaa chini pembeni yao, mtoto kamkumbatia, raha kabisa, mara anaambiwa akalete chai. Anainuka. Hakuna muziki wa huzuni wala nini, sinema inaendelea. Pale nilizima simu nikakaa zangu kwanza.

Mdau, Mwanza: Mnalia sana, wale ni waigizaji wamelipwa.

Mleta uzi: Wamelipwa sawa, ila Hattie McDaniel kachukua Oskari 1940 kwa kucheza mtumishi kwenye Gone with the Wind, mtu mweusi wa kwanza kuipata, na ukumbini akawekwa meza ya pembeni ukutani, mbali na wenzake wa filamu, maana hoteli ile haikupokea weusi. Hapo vipi mkuu?

Mdau, Mwanza: Hiyo nilikuwa siijui.

Mdau, Dodoma: Tafuteni The Long Walk Home (1990), Whoopi Goldberg anamtumikia mama mmoja katika mji wa Montgomery, Marekani, mwaka 1955 weusi wanagomea mabasi kwa hiyo anakwenda kazini kwa mguu, miguu imevimba na chakula cha watu kinatakiwa mezani kwa wakati. Madamu naye anafanywa shujaa sana mwishoni, ndo kawaida ya sinema hizi, lakini ile miguu wameionyesha vizuri. Mwenye nayo yenye tafsiri ya Kiswahili aje inbox, bi mkubwa wangu hasomi yale maandishi ya chini.