Naomba ushauri: mekapu ya majaribio imeniharibia hamu, na advansi nimeshalipa

Habari zenu wapendwa. Harusi yangu ni wiki tatu zijazo, hapa hapa Dar. Jumamosi nilienda kufanyiwa majaribio ya mekapu na nywele kwenye saluni moja Sinza, ambayo kwenye picha za Instagram kazi zao ni moto kweli. Advansi nimetoa laki mbili kati ya tatu na nusu.

Jamani. Mimi ni mweusi wa kung'aa, dada wa saluni kanipaka faundesheni ya mtu mweupe. Shingo yangu na uso wangu ni watu wawili tofauti! Wifi alipopiga picha na flashi, chini ya macho pakatokea weupe kama nimemwagiwa unga wa sembe. Nyusi nene, kope za bandia zinavutika kila nikipepesa. Nywele nilitaka kibanio cha chini, nyuma, cha kutulia na shela. Kanifungia rundo juu ya kichwa, shela linateleza.

Nilisema "asante, nimependeza," nikalia kwenye bajaji.

Mama anasema nimwambie ukweli, nirudi mchana nijitazame kwenye mwanga wa jua. Wifi anataka tutafute mwingine, advansi ife. Laki mbili, na michango yenyewe inasuasua!

Waliopitia haya, mlianzaje kumwambia bila kugombana? Na je, nikinunua faundesheni ya rangi yangu nikaenda nayo, ataona namdharau?